Biri tano za "bure" na bendera iliyokosewa: uzoefu wangu

Nianze na hesabu, maana tangazo lilisema bure. Biri tano: sifuri. Posta na ufungaji: dola 9.95. Halafu, siku thelathini baadaye, benki ikanitumia ujumbe kwamba nimekatwa dola 39.95 kwa "mzigo wa mwezi wa pili". Mwezi wa pili wa nini? Nikarudi kwenye ukurasa ule wa kuagizia, nikavaa miwani, nikakiona. Chini kabisa, chini ya kitufe chenyewe cha kuagiza, palikuwa na kisanduku kidogo kilichokwisha kutiwa alama ya vema na mwenye duka kwa niaba yangu. Nilikuwa mwanachama tangu siku ya kwanza, bila habari.

Jina la duka silitaji. Nasimulia bidhaa.

Kwa asiyejua, biri ninazozungumzia si zile nyembamba za Kihindi tulizowaona wazee wakivuta Mombasa. Hizi ni nene, za tumbaku tupu, zimesokotwa kwa mkono, na moshi wake huuvuti hadi mapafuni. Unauonja mdomoni kisha unautoa. Sisemi ni salama. Daktari wangu amekwisha kunipa maneno yake, na mke wangu amenipa makali zaidi. Ndiyo maana navuta moja tu kwa wiki, Jumamosi, na si nyumbani.

Naishi Tampa, Florida, na hapa mtu kuagiza biri kwa posta ni kama Mpemba kuagiza karafuu kutoka ng'ambo. Mtaa wetu wa biri ni Ybor City, ulioanzishwa na tajiri wa viwanda Vicente Martínez Ybor miaka ya 1880. Majogoo wanazurura barabarani humo mpaka leo, hakuna wa kuwagusa. Florida haitozi hata kodi ya jimbo kwenye biri. Sasa kilichonifanya niagize ni nini? Bendera. Kila biri ilikuwa na pete ya karatasi yenye bendera ya kihistoria, na tangazo liliahidi kikaratasi cha maelezo. Mimi ni mgonjwa wa bendera tangu utotoni.

Nilipowaeleza wenzangu barazani, la kwanza walilouliza ni kama jambo lenyewe ni halali. Wana haki. Kuanzia Agosti 2016 kanuni za FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, zilikataza kugawa vionjo vya bure vya tumbaku, biri zikiwemo, na wavutaji wakazoea kwamba cha bure hakipo tena. Agosti 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Washington akazifuta kanuni hizo kwa upande wa biri za hali ya juu, hizi za mkono. Basi "bure" ikarudi madukani, na naona imerudi na ndugu zake wote.

Mzigo ulifika siku ya sita. Mletaji alidai kitambulisho kuthibitisha kwamba nimetimiza miaka 21. Nikavua kofia nikamwonyesha mvi. Akacheka, lakini kitambulisho alikitaka vilevile. Ndani, biri tano kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, basi. Hakuna hata kile kipakiti cha kutunza unyevu, ambacho bei yake ni ndogo mno na maduka mengi hukitia bila kuombwa. Biri inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi; ikikauka, jani la nje linakuwa kama karatasi ya kiangazi. Nikazilaza wiki mbili kwenye sanduku langu la mwerezi kabla ya kugusa hata moja.

Ya kwanza ilivaa bendera ya Gadsden ya 1775, ya enzi za mapinduzi ya Marekani: ya manjano, nyoka amejikunja, na maneno ya kumwonya mtu asimkanyage. Jani la nje lilikuwa lile la rangi hafifu la Connecticut. Laini, tamu kidogo, harufu kama mkate ulioanza kuiva. Jivu lilishika mpaka karibu na nusu bila kudondoka. Hiyo sina neno nayo. Ya pili, yenye bendera ya Gonzales, ile ya Texas ya 1835 yenye mzinga mweusi na nyota, ilikuwa na jani jeusi na nguvu za kumwangusha punda. Upande mmoja uliungua, mwingine ukagoma, ikawa kazi yangu kuiwasha tena na tena. Mwenzetu mmoja mwenyeji wa Texas aliifurahia bendera kuliko mimi nilivyoifurahia biri.

Ya tatu, ya nyota 13 kwenye duara, bendera ya mwanzo ya Marekani, ilipasuka jani nilipokata kichwa tu. Pasuko lilishuka taratibu mpaka kwenye pete. Hapo ndipo kile kipakiti kisichokuwepo kilipodai deni lake. Lakini maongezi tuliyopata! Kikaratasi kilieleza kwamba bendera ilishonwa na fundi mshonaji Betsy Ross, kama habari iliyokwisha thibitishwa. Mwalimu mstaafu wa historia anayekaa nasi akapandisha nyusi. Kisa hicho, akasema, kilitangazwa hadharani na mjukuu wa Betsy mwaka 1870, miaka karibu mia baada ya tukio, na hakuna hati ya wakati ule inayokithibitisha. Mwenye hati ni Francis Hopkinson, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, aliyeiandikia serikali mwaka 1780 akidai malipo kwa kuchora bendera na alama nyingine. Na alidai nini? Kipipa cha mvinyo wa serikali. Hakulipwa. Tulicheka mpaka mwenye duka la pale barazani akachungulia.

Sasa ya nne. Kikaratasi kiliandika: "Kuba, 1849." Kwenye pete palikuwa na mistari mitano, pembetatu, na nyota moja nyeupe. Niliiweka mezani, na babu wetu wa Kikuba, mtu wa miaka themanini na ushei, akaichukua, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akairudisha mbele yangu kwa kidole kimoja.

"Hii si yetu," akasema.

Nikadhani macho. Kumbe ni mimi nisiyeona. Mistari ilikuwa myekundu na pembetatu ya buluu. Ya Kuba ni kinyume: mistari ya buluu, pembetatu nyekundu. Hii iliyopigwa chapa hapa ni ya Puerto Rico, ambayo wapigania uhuru wao waliokuwa New York waliitwaa mwaka 1895 kwa kugeuza makusudi rangi za Kuba, ili ionekane kwamba mapambano ni mamoja. Mpuertoriko mmoja alikuwa kiti cha pili. Alishainuka kuidai kabla babu hajamaliza kueleza. Niliivuta biri yenyewe (nzuri, ya Nikaragua, pilipili kidogo mwanzoni), pete akaenda nayo yeye, ameitia kwenye pochi.

Babu alikasirika kwa haki. Babu yake yeye alisokota biri Ybor, enzi za msomaji: mtu aliyekaa kwenye jukwaa kiwandani akiwasomea wafanyakazi magazeti na riwaya siku nzima, akilipwa kwa michango yao wenyewe, mpaka wenye viwanda walipomwondoa mwaka 1931. Wafanyakazi hao ndio José Martí, kiongozi wa wapigania uhuru wa Kuba, aliokuja kuwahutubia Novemba 1891. Na simulizi ya mji huu inasema amri ya kuanzisha vita vya uhuru vya 1895 ilivushwa kwenda Kuba ikiwa imefichwa ndani ya biri iliyosokotwa hapa hapa Tampa. Ukimletea mtu wa namna hiyo biri yenye bendera ya jirani, na ukaandika juu yake "Kuba", usitegemee akushukuru.

Zamu ikanifikia: na nyinyi kwenu bendera ya kihistoria ni ipi? Nikawaambia ya Sultani wa Zanzibar, iliyopepea juu ya Fort Jesus Mombasa mpaka 1963, kwa sababu ukanda wetu wa pwani ulihesabika kuwa mali yake hata chini ya Waingereza. Inafananaje? Nyekundu. Nyekundu na nini? Nyekundu, basi. Yule wa Texas akauliza kama ni bendera au kitambaa cha meza. Nikampa ya pili: Desemba 1963 Zanzibar ilipopata uhuru iliongeza duara la kijani na karafuu mbili za manjano, na bendera hiyo ikaishi mwezi mmoja tu, mpaka mapinduzi ya Januari 12, 1964. Hapo alinyamaza, akaomba nimchoree kwenye leso ya karatasi.

Ya tano ni fuvu na mifupa ya maharamia. Hiyo sijaiwasha, naisubirisha hadi sherehe ya Gasparilla mwishoni mwa Januari, siku ambayo Tampa nzima hujifanya maharamia.

Kuhusu pesa: nilipiga simu, nikasubirishwa dakika arobaini na muziki, nikazungumza na kijana mpole asiyekuwa na kosa. Uanachama ukafutwa, dola 39.95 zikarudi baada ya siku nane. Ukiagiza, ondoa ile alama ya vema kwanza. Biri zenyewe, mbili nzuri kweli kati ya nne nilizovuta. Kwa dola 9.95 sijapunjwa, ila nisingetoa hizo arobaini. Nyota tatu, na moja kati yake ni ya wenzangu wa barazani.

Kosa la Kuba nililiandikia barua pepe, na picha nikaambatisha. Walijibu kwa adabu, wakaomba radhi, wakaahidi kutuma nyingine "iliyosahihishwa", bila gharama yoyote. Ilifika juzi Alhamisi. Mfuko uleule wa zipu. Kikaratasi sasa kimeandikwa "Puerto Rico, 1895", na kwenye pete kuna mistari ya buluu na pembetatu nyekundu.