Dozuki kwa vipande vidogo vya mbao: uzoefu wangu

Kwenye kibanda changu nyuma ya nyumba natengeneza zaidi vibweta na fremu za picha, kazi yenye vipande vingi vya urefu wa kidole. Hivyo sivipeleki kwenye msumeno wa meza. Kipande kifupi kikinaswa kati ya diski na ubao wa kuongozea hurushwa nyuma kwa nguvu, na mkono unaokisukuma uko jirani mno na meno. Ndiyo sababu nikanunua dozuki, msumeno wa Kijapani wenye bapa la milimita 240 na mgongo mgumu.

Huu hukata ukiuvuta. Kwa kuwa kuvuta kunalinyoosha bapa, halina haja ya kuwa nene: langu ni milimita 0.3 tu, na bega la ulimi (ile ncha ya mbao inayochongwa iingie kwenye tundu la kiungo) linatoka safi, hata randa siigusi. Kwenye mninga raha tupu. Mpingo siujaribu nao. Meno ni marefu na membamba, ukiupinda mkono kidogo yanakatika.

Sasa usalama. Ule ubao wa kushikilia kazi tuliouzoea, wenye kizuizi upande wa mbali, umekusudiwa msumeno wa kusukuma. Ukivuta, kipande kinaachana na kizuizi na kukufuata. Mimi kizuizi nimekihamishia upande wangu, nikakichanja mkato wa nyuzi 90 wa kuliongoza bapa, nikakibandika msasa ili kipande kisiteleze, na ubao wenyewe nikaubana mezani kwa klampu. Kuanza mkato siegemezi bapa kwenye kidole gumba kama wengi wafanyavyo. Naegemeza kwenye kibao kilichonyooka. Na ulimi nauchonga ungali kwenye mbao ndefu, ndipo naukata kwa urefu wake. Hapo mkono wa kushoto unakuwa na pa kushika.

Lawama ninayo. Meno yamefanywa magumu kwa joto, tupa haiyanoi, kwa hiyo yakichoka unanunua bapa jipya. Muuzaji aliniahidi bapa la akiba lingekuwepo muda wote, nilipolifuata, hana. Kwa bei ile, inaudhi.

Kama kazi yako ni kupasua kufuata nyuzi za mbao, usichukue dozuki, kwani nyingi zina meno ya kukatiza nyuzi. Tafuta ryoba: ina meno pande zote mbili, upande mmoja wa kupasua, mwingine wa kukatiza.