Kitafutio cha CWGC: majina tele, ndege hamna

Anayefuatilia ndege zilizopotea zikiwa njiani kupelekwa vitani, katika Vita vya Pili vya Dunia, ataanzia kwenye tovuti ya CWGC, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Kutafuta ni bure, na matokeo unayapakua kama jedwali la Excel. Kwa kazi hii, nyota nne kati ya tano.

Nyota ya tano imekosekana kwa kuwa tovuti inahesabu watu, si ndege. Rubani aliyetua kwa dharura jangwani akaokoka hayumo, na ndege yake haimo. Njia ya kupelekea ndege kutoka Takoradi (Ghana ya leo) hadi Misri, iliyofunguliwa Septemba 1940 kwa ndege ya Blenheim moja iliyoongoza ndege za kivita za Hurricane sita, ukiihesabu kwa vifo tu utapata hasara pungufu.

Usihangaike kuandika "Ferry" (upelekaji wa ndege) kwenye kisanduku cha kikosi. Wengi wameandikwa Royal Air Force, jeshi la anga la Uingereza, basi. Tumia tarehe, na ongeza siku moja kabla na moja baada. Ndege ya Hudson T9449 iliondoka Gander, Newfoundland, 20 Februari 1941, lakini Sir Frederick Banting, mmoja wa wagunduzi wa insulini, aliyekuwa abiria, alifariki tarehe 21. Jaribu pia 10 Agosti 1941, siku ndege ya Liberator AM261 ilipogonga mlima Goat Fell, kisiwani Arran, Uskoti, wakafa watu 22, wakiwemo marubani na maopereta wa redio waliokuwa wakirudishwa ng'ambo kuchukua ndege nyingine. Kazi ya kupeleka ndege ilikuwa na raia wengi, kwa hiyo chujio la jeshi la anga laweza kuwaacha nje. Liondoe, kisha tafuta kwa makaburi ya Kilbride, hukohuko Arran.

Wasio na makaburi ndio wanaosumbua. Majina yao yako kwenye minara ya kumbukumbu, na mnara hufuata kambi alikotokea mtu, si mahali alipoangukia. Aliyeruka kutoka Canada yuko Ottawa. Wa Afrika Magharibi yuko Malta. Wa Sudan au Afrika Mashariki yuko Alamein, Misri. Yaani njia moja ya Takoradi imegawanyika minara miwili, na anayepekua mmoja anakosa nusu ya habari. Walioruka kutoka Uingereza wako Runnymede, karibu na London, akiwemo rubani maarufu Amy Johnson, aliyeanguka kwenye mlango wa mto Thames 5 Januari 1941 akipeleka ndege ya Oxford V3540.

Namba ya ndege itafute kwingine: kadi za ajali, Form 1180, ziko RAF Museum, London. Majalada ya AIR 81, yanayohusu waliokufa au kujeruhiwa wa jeshi la anga, yako hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London, na katalogi yake inakubali jina la mtu au namba ya ndege.