Huduma ya kufuliwa nguo: nimelipia nini hasa?

Nianze na hukumu, maana msomaji wa mapitio anataka kujua kwanza kama pesa inakwenda kihalali. Ndiyo, inakwenda. Naendelea kuitumia huduma hii, ila si kwa nguo zote, na si kwa sababu iliyonifanya nijiunge.

Utaratibu wenyewe hauna makuu. Unaagiza kwa simu, unachagua saa, mtu anabisha hodi, anaupima mfuko kwa mizani ya kuning'iniza huku unaangalia, anaondoka nao. Nguo zinarudi zimefuliwa, zimenyooshwa na kukunjwa, na kila moja ina kijikaratasi cha namba kilichobanwa kwenye ukosi au kiunoni. Ufuaji sina neno nao. Mashuka yanarudi meupe kweli, na taulo hazijazidishiwa dawa ya kulainisha, ile inayozifanya zinukie vizuri lakini zisinyonye maji.

Tangazo lao linasema utaokoa muda. Hapo ndipo inabidi mtu akae chini ahesabu. Anayefua kwa mkono anaokoa muda mwingi, tena na mgongo wake: kuloweka, kufikicha, kusuuza, kukamua, kuanika, kisha kukimbilia kuanua mvua ikitishia. Mwenye mashine hali yake ni nyingine. Mashine inafua yenyewe huku yeye akifanya mengine, kwa hiyo kinachomla muda hasa ni pasi. Mimi nina mashine ndogo, na kwa kweli nilikuwa nalipa nikwepe pasi.

Halafu kuna kazi ambayo huduma inakuachia, ambayo haitajwi popote kwenye tangazo. Kupekua mifuko ya suruali utoe sarafu na kalamu. Kutenga nguo inayochuja rangi. Kukumbuka kuagiza kabla shati la kazini halijakwisha. Kuhesabu zikirudi, na kuanza mazungumzo marefu ya ujumbe kuhusu soksi moja. Zaidi ya yote, kumsubiri mchukuzi. Ukiambiwa atafika kati ya saa tatu na saa sita, hizo saa tatu si zako tena: huogi kwa raha, hutoki, simu ikilia unaruka. Mikono imepumzika lakini kichwa kiko kazini. Walipoanza kukubali mfuko uachwe mahali tulipokubaliana ndipo nilipoanza kuiona faida. Ndiyo maana siku hizi huduma yoyote ya kurahisisha maisha naipima kwa kazi inayonibakishia. Ile inayoniondolea naijua tayari, nimeshasimuliwa kwenye tangazo.

Malipo nayo yana hesabu yake. Kampuni nyingi hutoza ama kwa kilo ama kwa nguo moja moja, na watu huchagua bila kufikiri. Shati ni jepesi lakini linakula muda wa pasi kuliko chochote: ukosi, vikofi, mikono, sehemu iliyo katikati ya vifungo. Jinzi na taulo ni nzito, lakini nani anapiga pasi taulo? Kwa hiyo bei ikiwa ya kilo na pasi imo humo humo, peleka mashati na magauni, baki na jinzi na taulo zako. Bei ikiwa ya kila nguo, geuza: peleka mashuka na mablanketi yanayokuchosha kukamua. Na usipime taulo mbichi, jamani. Utalipia maji.

Mpango wa kulipia mwezi mzima niliukataa baada ya kuuonja. Ukishalipia mfuko unataka ujae, hivyo unajikuta unatupia shati ulilovaa saa moja tu, na mapazia yaliyokuwa salama. Mwanahistoria wa Marekani Ruth Schwartz Cowan alishaeleza mwaka 1983 jinsi vifaa vya nyumbani vilivyoshindwa kupunguza kazi za mama wa nyumbani kama ilivyotarajiwa, kwa sababu pamoja na mengine, kiwango cha usafi kilichotakiwa kilipanda navyo. Mfuko wangu wa mwezi ulikuwa unaelekea huko huko.

Kuna utafiti ambao wapenda huduma hizi huutaja sana, na ni wa kweli. Mwaka 2017 mtafiti Ashley Whillans na wenzake walichapisha katika jarida la kisayansi la PNAS jaribio walilofanya Vancouver, Kanada, kwa wafanyakazi 60. Wikendi moja walipewa fedha wanunue kitu, wikendi nyingine wazitumie kujiokolea muda, na furaha ilionekana zaidi walipojiokolea muda. Kinachonichekesha ni kwamba mmoja wa wenzake hao ni Michael Norton, ambaye mwaka 2012, pamoja na Daniel Mochon na Dan Ariely, alionyesha jambo linaloelekea upande wa pili: watu huthamini zaidi kisanduku walichokiunganisha wenyewe kuliko kilichokuja tayari, mradi wamekimaliza. Ukitaka shahidi wa kila upande, mtafute Norton.

Ila nguo si kisanduku. Sijamwona mtu anayelipenda shati zaidi kwa kuwa kalifua. Nilichokikosa mimi ni macho. Unapofua mwenyewe unaona kifungo kinachoning'inia kwa uzi mmoja, mshono wa kwapa unaoanza kuachia, ukosi unaolika pale unapogusana na ndevu. Unashona siku hiyo hiyo. Nguo ikipita kwa wengine, kifungo kinaondoka kimya kimya, na unakigundua asubuhi umeshachelewa. Nimewahi kurudishiwa suruali nyeusi imeng'aa magotini kwa sababu pasi ya moto ilipitishwa juu ya kitambaa moja kwa moja, bila kuigeuza wala kutandika kitambaa juu yake. Mng'ao huo ni shida kuuondoa. Walinirudishia gharama ya kufua. Suruali ikabaki yangu.

Madoa nayo hayangoji mchukuzi. Damu inataka maji baridi mapema, kwa kuwa maji ya moto huigandisha protini yake ndani ya uzi. Ukilifungia doa hilo mfukoni mpaka keshokutwa, hata fundi bora atakuomba radhi. Kwa hiyo doa bichi nalishughulikia mwenyewe kwenye sinki, kisha ndiyo nguo inaingia kwenye mfuko.

Kwa sasa mgawanyo wangu ni huu: mashati na mashuka yanakwenda, nguo za ndani, sufu na suruali nyeusi zinabaki. Ukiwa na watoto wadogo au zamu za usiku, huenda ukapeleka kila kitu, na sikuoni umefanya vibaya. Ukiwa unafanya kazi nyumbani na una mashine, jaribu kwanza kulipia pasi peke yake, kama wanakubali.

Nawapa nyota nne. Ya tano nitaitoa wakiweka kwenye oda nafasi ya kuandika maelezo ya kila nguo, yamfikie mwenye pasi. Yaliyopo sasa yanaishia kwa mchukuzi, na yeye hana pasi.