Memtest86+: kipimo cha RAM kwa aliyejiundia kompyuta

Mtu anayejiundia kompyuta mjini Kampala, akinunua prosesa katika duka moja, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) katika duka jingine na pawasaplai, yaani kifaa kinachoigawia mashine umeme, iliyokwisha kutumika kwa mtu wa tatu, hana wa kumlalamikia mashine inapoanza kuganda au kujizima. Kila muuzaji atamweleza kwa upole kwamba kosa liko kwenye kipande cha mwenzake. Kinachohitajika hapo ni ushahidi, na kwa upande wa RAM sijaona chombo cha bure kinachoishinda Memtest86+.

Isichanganywe na MemTest86 ya PassMark. Zote mbili zinatokana na programu aliyoiandika Chris Brady mwaka 1994, lakini hii yenye alama ya kujumlisha ilijitenga mwaka 2004 na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ya PassMark nayo ina toleo la bure, ila toleo hilo husimama baada ya mizunguko 4, ilhali Memtest86+ huendelea kupima mpaka uisimamishe mwenyewe. Faili lake ni la megabaiti chache tu, jambo ambalo mnunuzi wa bando atalithamini.

Unaiandika kwenye flashi, kisha unaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Kwenye mashine yangu ilinibidi kwanza nizime Secure Boot, kinga inayozuia programu zisizoidhinishwa kuwaka, katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Kwa kuwa inafanya kazi bila Windows wala Linux, inaweza kuifikia karibu RAM yote: inaandika mpangilio fulani wa tarakimu katika kila sehemu, inausoma tena, na pale kilichosomwa kinapotofautiana na kilichoandikwa, mstari mwekundu hutokea pamoja na anwani ya mahali penye hitilafu. Sikuona njia ya kuhifadhi ripoti, kwa hiyo ni vyema kuipiga skrini picha kwa simu kabla ya kwenda kwa muuzaji.

Ubora wake nilijionea kwenye mashine yenye vijiti viwili vya RAM aina ya DDR4 vya gigabaiti 8, vilivyonunuliwa kwa nyakati tofauti na kuwekwa pamoja kwa kasi ya 3200. Mistari myekundu ilijitokeza mapema. Hapa ndipo wengi hukimbilia kutupa kijiti, na sidhani ni haki, kwa sababu programu inaonyesha kwamba kumbukumbu imesomwa vibaya, haisemi nani aliyesababisha. Nilipima kijiti kimoja kimoja katika tundu lilelile, na kila kimoja kilipita bila kosa. Nilipovirudisha pamoja na kuzima XMP, ule mpangilio wa BIOS unaoipandisha RAM hadi kasi iliyotangazwa kwenye pakiti, makosa yalitoweka. Vijiti vyote viwili vilikuwa vizima. Vilichoshindwa ni kuvumilia kasi hiyo vikiwa pamoja. Kwa 2933 vinafanya kazi vizuri, na tofauti ya kasi siioni katika matumizi ya kawaida.

Hata hivyo mashine hiyo haikutulia kabisa. Iliacha kuonyesha skrini ya buluu ya Windows inayotangaza kosa kubwa, lakini iliendelea kujizima ghafla kila kadi ya grafiki ilipopewa kazi nzito, na Windows ikaandika tu Kernel-Power 41, ambayo maana yake ni kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Memtest86+ ilikuwa imepita usiku kucha bila kosa hata moja. Huo ndio mpaka wake mkubwa: haiigusi kadi ya grafiki, hivyo pawasaplai haibebi mzigo wa kutosha kufichua udhaifu wake. Fundi mmoja wa Wandegeya aliazima pawasaplai nyingine, akaifunga, na tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Katika nchi ambayo umeme wa volti 240 hupanda na kushuka kama unavyofanya huku kwetu, ningeishuku pawasaplai mapema kuliko vitabu vya mafundi wa ng'ambo vinavyopendekeza, hasa ikiwa imekwisha kutumika.

Umeme unaathiri upimaji wenyewe pia. Ukikatika katikati ya mzunguko, unaanza upya, na kwa mwenye gigabaiti 32 au zaidi hizo ni saa nyingi zilizopotea. Asiye na UPS, betri ya akiba ya kompyuta, apime usiku wa manane, wakati ambao mtaani kwangu umeme hutulia kidogo.

Ipakuliwe kutoka memtest.org, si kutoka kwenye flashi ya rafiki. Toleo la 5.01 la mwaka 2013 bado linazunguka madukani, na haliwaki kwenye kompyuta mpya zinazotumia UEFI pekee, mfumo wa kuwashia kompyuta uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani. Uwezo huo ulikuja na toleo la 6.00 mwaka 2022. Fundi akikutoza fedha za kupima RAM, mwombe akuonyeshe skrini yenyewe, toleo likiwa limeandikwa juu na idadi ya mizunguko iliyokamilika ikionekana.