Ko Pha-ngan: bichi nyota tano, Full Moon Party nyota tatu

Jamani ngoja niseme uzoefu wangu wa Ko Pha-ngan, maana kila mtu akisikia hicho kisiwa anawaza Full Moon Party tu, ile pati ya ufukweni ya mwezi mpevu, na mimi hiyo ndio ilinipeleka, ila ukiniuliza leo nini kitanirudisha kule ntakwambia bichi za kaskazini na msosi, pati nshaiona inatosha.

Kwa wasiojua, kipo Thailand, upande wa Ghuba ya Thailand, mkoa wa Surat Thani, katikati ya Ko Samui na Ko Tao. Uwanja wa ndege hakina. Samui wanao ila tiketi za kwenda pale bei imechangamka balaa, kwa hiyo sisi tulipanda treni ya usiku kutoka Bangkok, ile ya vitanda, asubuhi tupo Surat Thani, hapo basi mpaka bandari ya Donsak halafu feri kama masaa mawili na nusu hivi ndio unashuka Thong Sala, bandari ya kisiwa. Wanauza tiketi moja ya vyote vitatu, chukua hiyo. Shuka za treni safi kabisa, ila AC wanaifungulia mpaka meno yanagongana, beba sweta.

Halafu kwa sisi wa Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zetu, kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, usiiache nyumbani. Pale Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, kabla ya uhamiaji kuna sehemu imeandikwa Health Control, unaonyesha kadi unagongewa muhuri, ndio uende kupanga foleni. Kuna jamaa niliowaona wamepanga foleni ndeeefu kufika mbele wakaambiwa warudi huko kwanza, sura zao zilitia huruma. Viza unaomba mtandaoni kabla ya safari, na kuanzia Mei 2025 kuna fomu ya kuingia nchini inaitwa TDAC unaijaza mtandaoni siku tatu za mwisho kabla hujafika, hiyo ni bure, ukiona tovuti inakudai hela ujue matapeli. Na wanaweza kukwambia uonyeshe pesa ya matumizi, baht 20,000 kwa kichwa. Mimi nilikuwa napiga hesabu baht moja kama shilingi 75 za Tanzania hivi.

Tulikaa Chaloklum huku juu kaskazini, kijiji cha wavuvi, na hapo ndipo nilipokipenda kisiwa. Ngisi wameanikwa kwenye nyavu pembeni ya barabara, harufu ile mtu wa Kilwa wala hashtuki, na usiku ukikaa ufukweni unaona mbali kabisa baharini taa za kijani zimejipanga, ni boti za kuvua ngisi. Banda letu lilikuwa la mbao, feni, chandarua, kabarazani kuna bembea ya kamba, mama mwenye nyumba Kiingereza chake cha kubahatisha na changu hakimfikii lakini kila asubuhi papai lipo mezani limeshakatwa.

Toka Chaloklum unachukua boti kwenda Bottle Beach, zile boti zao ndefu zina injini ya gari imefungwa nyuma na shafti mpaka majini, kelele zake usiongee na mtu mpaka ufike. Kuna njia ya mguu pia kupitia msituni, wameweka chupa za plastiki kuonyesha njia, lakini kwa jua lile aisee panda boti. Bichi yenyewe mchanga mweupe, milima ya kijani nyuma, migahawa michache, hakuna anayekufuata na bangili wala miwani, unalala unaamka unaogelea unakula unalala tena. Nikawaza Nungwi siku ya wikiendi nikanyamaza.

Mae Haad nako usikose, maji yakipwa kunatokea njia ya mchanga unatembea mpaka kakisiwa ka Ko Ma, vaa miwani ya kuzamia utaona samaki hata usiende mbali. Baan Tai kule kusini picha zinadanganya, maji yakitoka unatembea unatembea bado yapo magotini, waliozoea Jambiani wanaelewa. Than Sadet tulipita haraka, ni mto wenye maporomoko na mawe makubwa, mfalme wao wa zamani Chulalongkorn alianza kuja pale 1888 na herufi za jina lake zimechongwa kwenye jiwe, kipindi tunakwenda maji yalikuwa machache tukapiga picha tukasepa.

Usafiri sasa. Taksi zao ni pickup zenye mabenchi mawili mnatazamana kama daladala za zamani za Zanzibar, zinasubiri abiria wajae, na bei si rafiki ukiwa peke yako. Wengi wanakodi skuta, mimi baht 250 kwa siku. Hapa kuwa mjanja, kuna maduka yanashikilia pasipoti yako halafu siku ya kurudisha wanaanza kukuonyesha mikwaruzo ya mwaka juzi, sisi walijaribu, bahati tulikuwa tumechukua video ya skuta nzima kabla ya kuondoka, wakaangalia video wakanywea. Helmeti vaa, leseni ya kimataifa iwe na pikipiki, na ile barabara ya Baan Tai kwenda Haad Rin ina vilima vimesimama kweli kweli, nusu ya watalii unaowaona wana bandeji magotini walianguka pale pale. Usiku wa pati usiendeshe, panda pickup.

Haya, pati yenyewe. Inafanyika Haad Rin Nok, bichi inayotazama mashariki, kila mwezi mpevu, ila mwezi ukigongana na sikukuu kubwa ya Kibudha huwa wanaisogeza kwa siku moja au zaidi kwa hiyo angalia kalenda yao kabla hujalipia chumba. Kiingilio nililipa baht 200 nikafungwa kibangili. Ndani ni maelfu ya watu wamejipaka rangi za kung'aa, kila baa ina spika zake, hapa tekno hatua kumi mbele reggae hatua kumi tena Afrobeats, ndio Afrobeats, na bichi nzima ikaimba, hapo nikajisikia nyumbani kidogo. Pombe wanauza kwenye vindoo vya plastiki vile vya watoto kuchezea mchanga, wanamimina pombe kali, soda na enajii drinki, mirija imesimama, inashuka kama juisi halafu inakukumbusha baadaye. Nunua pale unapomuona anakufungulia chupa.

Kuna kamba ya moto watu wanaruka, wamelewa, na waliungua mbele ya macho yangu. Viatu vaa vya kufunika mguu maana chupa zilizopasuka zimejaa mchangani, choo unalipia, baharini wanaume wamejipanga wanajua wenyewe wanafanya nini, sikutia hata kidole. Saa sita mpaka saa nane usiku raha haswa, baada ya hapo nusu ya watu wamelala mchangani na wezi wa simu wako kazini. Waliowahi kwenda pati ya mwezi mpevu ya Kendwa kule Zanzibar watashangaa ukubwa, lakini kwa kucheza mziki vizuri na watu mnaoongea bado nampa Kendwa.

Usiku ulionikosha mimi ni wa soko la Thong Sala, pad krapow ya kuku (kuku wa kukaanga na majani ya rehani) na yai juu, som tam (saladi ya papai bichi) ya pilipili inayotoa machozi, roti ya ndizi wanaikanda mbele yako. Kwa tusiokula kitimoto, ukisikia "muu" kataa, "kai" ndio kuku, na waulize pia kuhusu mafuta. Kuna pati nyingine ndogo za msituni Baan Tai, Half Moon nayo ipo wiki moja hivi kabla na baada ya mwezi mpevu, watu wachache na mziki umepangika zaidi.

Msimu: usichanganye na Phuket ya upande wa pili wa Thailand, mvua kubwa za huku ni Oktoba mpaka Desemba, wakati Phuket zinaelekea kupungua. Na feri ya siku inayofuata pati kata mapema, siku ile bandari nzima ni watu wenye miwani myeusi na tiketi zimeisha.