Dira mkononi au GPS ya simu?

Kwa kasi, GPS haina mpinzani: simu ikinasa mawimbi ya angalau setilaiti nne, zilizo takriban kilomita 20,200 juu, inakuonyesha ulipo papo hapo. Lakini betri ikiisha, umebaki na kioo cheusi.

Dira haichajiwi. Ila ina ukaidi wake: sindano huelekea kaskazini ya sumaku, si ile ya ramani. Usiporekebisha tofauti ya nyuzi 10, baada ya kilomita 5 umepotoka karibu mita 900. Tena ukiisogeza karibu na kisu, au simu yenyewe, inadanganya!

Ramani nayo hukuonyesha ya mbele: mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, ikibanana, mwinuko ni mkali. Mimi simu hukaa mfukoni, naitoa kuhakikisha tu.