Hifadhi Skimu ya NSSF, ukiipima na mzani wa Mwaloni

Kwa muuza dagaa wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, mpango huu wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania) kwa wajiajiri unafaa, ila umekaa kama uliopangwa na mtu wa mshahara wa kila tarehe 25. Kiwango cha chini ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na unaweza kuchangia kwa siku, wiki, mwezi au msimu. Hiyo ya msimu ndiyo yenye akili. Dagaa huvuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikitoka taa haiwavuti, mitumbwi inalala na mzunguko unakatika. Aliyejipangia 1,000 kila siku anakwama hapo hapo. Giza likirudi na dagaa wakapatikana, lipa 60,000 kabisa, kisha angalia kwenye taarifa yako kama imesomeka miezi miwili.

Miezi ndiyo roho ya jambo hili. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Ukifika umri wa miaka 60 ukiwa na miezi 170, unapewa mkupuo maalumu, yaani fedha za mara moja, basi. Kwa hiyo mwenye miaka 48 anayeanza leo apige hesabu kwanza: hadi 60 ana miezi 144 tu.

Kujiunga hakuna ugumu: namba ya NIDA, simu na fomu. Penye kuharibika ni jina. Herufi moja ikipishana na ya NIDA, utaisotea siku ya kudai. Na aliyewahi kuajiriwa asifunguliwe namba mpya ya uanachama; aitaje ile ya zamani, la sivyo miezi yake inagawanyika sehemu mbili. Lipa kwa kontroli namba kupitia simu, na utunze ujumbe wa malipo. Fedha taslimu usimkabidhi mtu, hata awe na kitambulisho shingoni.

Kasoro kubwa: unachangia peke yako, hakuna mwajiri wa kukuongezea. Mvuvi wa gawio, anayelipwa kwa fungu la mapato ya uvuvi, naye hivyo hivyo, tajiri wa mtumbwi hamwongezei kitu.

Kibarua wa kiwanda cha minofu ya sangara asikubali kuelekezwa huku. Huyo ni mwajiriwa: mchango wake ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata zaidi ya nusu yake. Aombe namba yake ya uanachama mwezi wa kwanza kazini, aanze kuifuatilia taarifa.